Trela au lori dogo la farasi? Mwongozo kamili wa kuamua ukiwa Nairobi

Msimu wa mashindano ukikaribia, wenye farasi wa Karen, Langata na Limuru hulirudia swali lilelile: ninunue trela la kukokotwa na gari langu, au nitafute lori dogo la Canter nijengewe bodi? Wengi hulijibu kwa kuhesabu farasi. Mmoja au wawili, trela. Watatu kwenda juu, lori. Hesabu hiyo ni nyepesi na mara nyingi inapotosha. Farasi wawili wanaokwenda uwanja wa Jamhuri, hapa hapa Nairobi, na farasi wawili wanaoteremka Bonde la Ufa kwenda Gilgil si mzigo mmoja, hata wakiwa ni walewale. Kinachoamua ni mteremko mkali kuliko yote utakaoupita, gari litakalokokota, na mtu atakayeshika usukani. Anza na hayo matatu; bei ije baadaye.

Hatua ya 1: Jua uzito halisi

Si lazima uwe na mizani. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kifuani mwa farasi nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu wake kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,877. Ukipima kwa sentimita, jibu linatoka kwa kilo. Farasi mwenye mzunguko wa 180 na urefu wa 165 ana kilo 450. Wale waliostaafu mbio, ambao wamejaa mazizi ya Nairobi, huwa kati ya kilo 450 na 550.

Trela la kawaida la farasi wawili, kama Ifor Williams, lina karibu kilo 900 hadi 1,000 likiwa tupu. Weka farasi wawili wa kilo 500 kila mmoja, matandiko, galoni za maji na robota la nyasi kavu za Boma Rhodes, unakaribia kilo 2,100. Iandike namba yako, maana kila muuzaji atakwambia gari lako "litavuta tu".

Hatua ya 2: Chora barabara zako za mwaka mzima

Orodhesha safari unazotarajia, si zile unazoziota. Kutoka Karen hadi Jamhuri au Ngong Racecourse hakuna mlima wa kuogopa. Adui ni foleni, matuta yasiyopakwa rangi na bodaboda zinazojipenyeza popote. Southern Bypass inakutoa Langata hadi Kikuyu bila kugusa katikati ya mji. Kwa safari hizi trela zuri linatosha kabisa, na kwenye maegesho yenye matope lina faida nitakayoieleza.

Mambo hubadilika ukishaipita Kikuyu. Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na Limuru imepita 2,200. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila turbo, ni gari la kuaminika mno, lakini ikifika Limuru imebaki na robo tatu na kidogo ya nguvu zilizoandikwa kitabuni. Itapanda, ila itapanda nyuma ya lori la simiti, gia ya pili, farasi wakipumua moshi wa watu.

Kupanda huchosha injini. Kuteremka ndiko kunakoua. Kuna njia mbili za kushuka Bonde la Ufa. Ya chini inapitia Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano walioacha na kanisa dogo kando yake. Ni nyembamba, ina kona, na malori mazito huipenda. Ya juu inapitia Kinungi hadi Naivasha. Ni pana zaidi, ingawa sehemu za Kimende hufunikwa na ukungu asubuhi. Ukiwa na trela, pita ya juu. Matrela mengi ya farasi yana breki za kujisukuma: gari linapopunguza mwendo, trela huja mbele, shina lake hurudi ndani na kubana breki za magurudumu yake. Kwenye tambarare ni mpango mzuri. Kwenye mteremko mrefu, trela linakusukuma muda wote, kwa hiyo breki zake zinabana muda wote, zinapata moto na kulegea. Dawa ni kushuka kwa gia ndogo tangu juu, kabla mwendo haujakolea.

Lori dogo lina breki kubwa, na mengi yana breki ya eksozi inayoizuia injini yenyewe bila kugusa magurudumu. Kwa mtu anayeshuka bondeni kila mwezi, jambo hili peke yake linaweza kumaliza mjadala.

Nanyuki, kilomita 200 hivi kupitia Thika Road, ni safari ya saa nyingi kuliko ya miteremko. Huko linalohesabika ni farasi kukaa sawa kwa muda mrefu: akifungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kutoa vumbi na makohozi kwenye njia ya hewa, na hapo ndipo homa ya mapafu ya safari huanzia. Iwe trela au lori, kamba iwe ndefu kiasi cha kumruhusu ashushe kichwa, na usimame kila baada ya saa tatu au nne umpe maji.

Hatua ya 3: Litazame gari ulilonalo bila huruma

Fungua kitabu cha gari, au bamba lililo kwenye fremu ya mlango, utafute uzito unaoruhusiwa kukokotwa kwa trela lenye breki. Linganisha na namba ya hatua ya kwanza. Ukibaki na nafasi ya kilo 500 au zaidi, endelea. Ukikuta namba zimelingana, hesabu kwamba umekosa, kwa sababu kitabu hakikuandikwa Limuru.

Subaru Forester, kipenzi cha Nairobi nzima, sahau kwa farasi wawili. Hata farasi mmoja ni kulibana. Land Cruiser za familia ya 70, Prado za dizeli zenye turbo na Hilux za miaka ya karibuni ndizo zinazostahili kufikiriwa. Tazama pia uzito wa gari lenyewe: gari lizidi trela lililojaa, au angalau lilingane nalo. Farasi si magunia. Husogea, huegemea, na uzito wao uko juu, hivyo trela zito nyuma ya gari jepesi ndilo huanza kuyumba mkia. Likiyumba, toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani wima, usikanyage breki kwa nguvu.

Kama huna gari la namna hiyo, bei ya trela si bei ya trela. Ni trela pamoja na Prado. Wengi hufanya hesabu ya nusu, halafu wanashangaa kwamba Canter ingekuwa nafuu.

Upande wa pili, gari la kukokota hufanya kazi siku zote saba, watoto shule, soko, kazini. Lori la farasi hulala uani, betri ikifa na tairi zikipasuka ubavuni kwa jua. Na gari likiharibika njiani, gari lingine lolote lenye nguvu na kichwa cha kukokotea cha milimita 50 linaweza kuchukua trela na farasi ndani. Injini ya lori ikizima Kinungi, utawashusha farasi kando ya barabara kuu. Hilo silitamani kwa mtu yeyote.

Hatua ya 4: Nani ataendesha?

Swali hili ningeliweka la kwanza kama si hesabu za uzito. Ukiendesha mwenyewe na umejifunza kurudi nyuma na trela, sawa. Kama safari nyingi zitafanywa na dereva wa kuajiriwa, ujue Nairobi imejaa madereva stadi wa Canter, na wanaojua kukokota trela lenye mnyama hai ni wachache. Dereva wa Canter anajua urefu wa gari lake na anajua kurudi nyuma kwenye geti la Karen lenye kona. Lazima afundishwe jambo moja: mzigo huu una miguu. Kona zichukuliwe polepole, breki zianze mapema, na tuta livukwe kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Lori linahitaji dereva mwenye daraja la malori kwenye leseni. Kwa lori jepesi ni C1. Usikubali maneno ya "huyu ameendesha miaka mingi". Soma leseni.

Kisha saisi, yaani mtunza farasi. Kabini ya Canter hukaa watu watatu, kwa hiyo dereva, wewe na saisi mnakwenda pamoja, naye yuko karibu farasi wakianza kupiga teke. Kwenye trela, asikae mtu ndani hata kwa dakika tano. Hata kwenye lori, desturi ya kumweka saisi nyuma katikati ya farasi ipigwe marufuku. Farasi akianguka, hakuna nafasi ya mtu kukwepa.

Hatua ya 5: Kukagua trela

Anza chini. Inua mpira wa sakafuni wote, hata muuzaji akisema umegundishwa. Mkojo huozesha mbao na kula alumini kimyakimya. Chokoa mbao kwa kisu kwenye kingo na katikati. Kisu kikizama, ondoka au ukate bei ya sakafu nzima. Kwa alumini, tafuta unga mweupe na vishimo. Lala chini utazame kwa tochi vilevile.

Tairi zisome tarehe. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za trela huzeeka kabla ya meno yake kuisha, kwa hiyo zilizopita miaka sita hivi zibadilishe hata zikiwa na meno. Ulizia pia tairi ya spea, ambayo mara nyingi ilishauzwa.

Breki: sukuma shina ndani, liwe zito na lirudi polepole. Kebo ya dharura, ile inayobana breki trela likichomoka, iwe nzima na isiwe imefungwa kwa waya. Taa zote ziwake kwa plagi ya gari lako, si la muuzaji.

Ndani, pima kimo. Farasi wa mikono 16, yaani sentimita 163 begani, anahitaji kama mita 2.2 za kimo ili asijigonge. Kizuizi cha katikati kisifike sakafuni kwa ubao mgumu. Sehemu ya chini iwe wazi au ya mpira, maana farasi husimama imara kwa kutanua miguu. Kwenye kona, asiyeweza kutanua miguu hukwangua ukuta kwa hofu, na safari ijayo hataki kupanda.

Ukisafirisha farasi mmoja, asimame upande wa kulia. Sisi huendesha kushoto na barabara huinamia ukingo. Uzito ukae upande wa katikati ya barabara. Wakiwa wawili, mzito awe kulia.

Hatua ya 6: Kukagua lori na kumsimamia fundi wa bodi

Malori mengi ya farasi mjini hapa hayakuzaliwa hivyo. Ni Canter au Isuzu ya mizigo, ikajengewa bodi Eneo la Viwanda au na mafundi wa jua kali. Hakuna ubaya. Wapo mafundi wenye mikono ya dhahabu, shida ni kwamba wengi wamejenga bodi za ng'ombe na mikate, na farasi si ng'ombe wala si mkate. Mpe vipimo kwa maandishi.

Kwanza upana. Farasi mkubwa ana kama mita 2.4 kutoka pua hadi mkia, na Canter ya kabini nyembamba haina upana huo ndani. Ukiwapanga kwa kukingamisha, watasimama wamejikunja shingo. Wapange kwa mshazari, na hapo uhesabu farasi wangapi kweli wanaingia. Mara nyingi ni watatu, hata kama fundi alikuahidi wanne.

Pili daraja la kupandia. Sakafu ya lori iko karibu mita moja juu, wakati ya trela iko nusu ya hapo. Daraja fupi linakuwa ukuta. Kwa sakafu ya sentimita 95, daraja la mita 2.4 linakupa mwinuko wa nyuzi 23, ambao tayari ni mkali. Fupi zaidi ya hapo farasi mwenye wasiwasi atakataa. Liwe na vipande vya mbao vya kuzuia kuteleza, mpira juu yake, na springi za kulisaidia kuinuka, la sivyo masaisi wawili wataumia migongo. Wanaotegemea tuta la udongo la kupakilia hujutia siku wanapofika mahali pasipo na tuta.

Tatu sakafu na hewa. Bati la chuma lenye vinundu huteleza likilowa mkojo; weka mbao ngumu, juu yake mpira mzito. Madirisha yawe juu pande zote mbili, na bomba la moshi lisielekee kwenye dirisha lolote. Paa la bati tupu kwenye foleni ya Waiyaki Way saa saba mchana hugeuza bodi kuwa tanuri. Paa likiwekwa kitambaa cha ndani, joto hupungua, lakini usiongeze kimo bila kufikiria: matawi ya Karen yameshang'oa mapaa mengi.

Halafu lipeleke lori kwenye mizani likiwa tupu na bodi mpya juu. Bodi ya chuma nzito inaweza kula uwezo wote wa kubeba. Gari la biashara lenye uzito mtupu unaozidi kilo 3,048 linatakiwa pia kuwa na kidhibiti mwendo na kutozidi kilomita 80 kwa saa, ambayo kwa farasi ni mwendo wa kutosha. Na kumbuka lori huingia kwenye vituo vya mizani kama Mlolongo na Gilgil, kwa hiyo ongeza muda wa foleni juani.

Kasoro yake kubwa ni udongo wetu mweusi. Mwezi wa nne na wa kumi na moja, uwanja wa nyasi hugeuka gundi, na Canter ya kuendeshwa magurudumu ya nyuma tu huzama pale pale inapoegeshwa. Prado yenye trela hutoka. Ukichagua lori, egesha kwenye murram hata kama ni mbali na uwanja.

Hatua ya 7: Karatasi

Trela lina usajili wake na namba yake inayoanza na Z. Usinunue lisilo na logibuku, hata liwe zuri vipi. Lori la biashara hukaguliwa kila mwaka, na kwa Nairobi wengi huenda kituo cha Likoni Road. Ukiagiza Canter iliyotumika nje ya nchi, isizidi miaka minane tangu isajiliwe kwa mara ya kwanza. Kampuni ya bima iandike wazi kwamba inakubali gari likokote trela, na kwamba mzigo ni mnyama. Ukibeba farasi wa watu kwa malipo, hiyo ni biashara, na bima ya kibinafsi haitakulipa kitu. Kibali cha kusafirisha mifugo chukua kwa daktari wa mifugo kabla ya safari za nje ya kaunti, pamoja na rekodi ya chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika.

Hatua ya 8: Hesabu ya pesa

Gawa karatasi mara mbili. Upande wa trela: bei yake, gari la kukokota kama huna, kufungiwa kichwa cha kukokotea na waya, tairi, bima, mafuta ya ziada. Upande wa lori: bei yake, bodi, tairi sita, bima ya biashara, ukaguzi, dereva. Mafuta yapime mwenyewe, tangi likijaa hadi tangi likijaa, maana kila mtu hudanganya kuhusu mafuta.

Kisha weka kwenye upande wa lori jambo ambalo wauzaji hawalitaji: linaweza kubeba marobota. Ukishusha farasi Naivasha na kurudi na shehena ya nyasi kavu au maranda ya mbao, safari imejilipa sehemu. Zizi lenye farasi sita na zaidi litaona faida hiyo haraka. Mwenye farasi wawili haioni.

Msimamo wangu ni huu. Farasi mmoja au wawili, safari za Karen, Jamhuri na Limuru, gari zito la dizeli lipo na unaendesha mwenyewe: trela. Farasi watatu, au dereva wa kuajiriwa, au Bonde la Ufa kila mwezi: lori. Aliye katikati, mwenye farasi wawili na gari dogo, asinunue chochote mwaka huu. Akodi.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kulipa

Kodi trela safari moja na lori safari nyingine, farasi walewale, barabara ileile. Wiki mbili kabla, zoeza kupanda na kushuka kwa utulivu, ukiwalisha ndani. Trela liwe limefungwa kwenye gari kila mara farasi anapopanda, ama sivyo linaweza kuinuka mbele. Mlango wa nyuma au fimbo ya nyuma ifungwe kabla ya kumfunga kamba kichwani, na wakati wa kushuka ufungue kamba kwanza. Kamba ipitie kwenye uzi wa katani unaokatika farasi akivuta kwa hofu.

Mkifika, tazama vitu ambavyo saisi mzuri huvitazama bila kuambiwa: jasho liko wapi, mavi ni ya kawaida au ya maji, miguu ina mikwaruzo upande gani, amekula kiasi gani cha nyasi njiani. Jioni na asubuhi yake pima joto. La kawaida ni kati ya 37.5 na 38.5. Likizidi hapo, mwite daktari siku hiyohiyo, usisubiri aanze kukohoa.

Farasi akitoka kwenye chombo kimoja akiwa mkavu na ametulia, na kwenye kingine akitoka amelowa jasho, hiyo ina uzito kuliko hesabu zako zote za mafuta. Kama wote wawili wametoka vizuri kwenye vyote viwili, rudi kwenye karatasi ya hatua ya nane uchague upande ulio nafuu.